Pamba Karibu na Ngozi

Jumapili iliyopita nilipanda basi kutoka Discovery Gardens hadi International City, safari ya kubadilisha basi mara mbili, kwenda kumsaidia Nansubuga kufunga mabegi. Anarudi kwao Masaka, na safari hii harudi tena Dubai. Nilimkuta ameketi sakafuni katikati ya marundo matatu, la kwenda, la kubaki na la kugawa, na mkononi ameshika ile mizani ndogo yenye ndoano ambayo kila mtu wa kwetu hapa anayo, ama anaiazima kwa jirani siku ya safari. Begi kubwa lilikuwa limezidi kilo mbili. Akaniambia nimsaidie kutoa vitu, maana yeye akitoa kimoja anarudisha viwili. Nikainamia rundo la kwenda, na karibu na chini kabisa, chini ya sufuria mpya na mashuka ya mama yake, nikaikuta fulana ya mikono mirefu, ya sufu, rangi ya zambarau, iliyokwisha viwikoni hadi mwanga unapita. Niliitambua kabla sijaifungua. Kazi yangu ni nguo, nimekunja fulana nyingi kuliko chapati nilizokula, lakini ile nilibaki nimeishika tu. Nansubuga akanitazama akacheka. "Mwalimu, leo umesahau kukunja?" Nilicheka pia, nikaiweka mapajani. Kuna jambo kuhusu fulana hiyo ambalo sikumwambia kwa miaka minane, na ndege yake ilikuwa Jumanne.

Mwaka lilipotokea nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na ulikuwa mwaka wangu wa kwanza Dubai. Nilikuja kufanya kazi katika duka la nguo za mazoezi za wanawake, ndani ya jumba la maduka lenye ukumbi wa theluji. Watu wa nyumbani hawakuamini nilipowaeleza: nje joto linayeyusha kandambili, na ndani, nyuma ya ukuta wa kioo, kuna mlima mdogo wa theluji, watu wanateleza na watoto wanajifunza kuanguka. Duka letu lilitazamana na kioo hicho. Wageni walisimama pale wakila aiskrimu na kuwaonea huruma walio ndani. Sisi wafanyakazi tulikatazwa kusimama kiooni na sare, na tiketi ya kuingia sikuwahi hata kuuliza bei yake mara ya pili. Kwa hiyo nilikaa miezi sita hatua arobaini kutoka kwenye theluji bila kuigusa, huku nikiuza nguo za kuvaa humo.

Tulikuwa wanawake wanne chumbani, International City, vitanda vya ghorofa viwili, kila kitanda na pazia lake la shuka. Mimi nililala juu, Nansubuga chini yangu. Upande wa pili juu alilala Akoth wa Kisumu, aliyehudumu katika mkahawa wa hoteli moja Al Rigga, na chini yake dada mmoja ambaye zamu yake ilikuwa ya usiku, hata leo nakumbuka viatu vyake kuliko uso wake. Nansubuga alikuwa askari wa ulinzi, na lindo lake lilikuwa ndani ya ule ukumbi wa theluji. Alisimama kwenye baridi kali, saa mbili ndani, nusu saa nje, mpaka zamu iishe. Kampuni ilimpa jaketi na buti. Vya ndani ya jaketi alijitafutia mwenyewe, na alichokipata kikawa ile fulana ya zambarau, moja tu, aliyoifua kila siku aliporudi na kuianika barazani. Sufu ikilowa hunuka kondoo. Mimi nililalamika. Nilimwambia kwa adabu zote, nikimwita dada, kwamba labda angeianika mbali na dirisha langu. Aliihamisha bila neno.

Lazima niseme nilivyokuwa, kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Nilikuwa mtu wa kuogopa kukosea mpaka nikaugua. Sikusomea biashara wala mitindo ya nguo, kila nilichojua nilijifundisha. Nilisoma lebo za ndani ya kola kama watu wanavyosoma Biblia, na kwenye basi nilitazama video za wanawake wa nchi za baridi wakieleza wanavyovaa kwenda kukimbia. Yote niliyaandika kwenye daftari lenye mistari, na nikikosea herufi moja nilichana ukurasa wote nikaanza upya. Akoth ndiye aliyeniita Mwalimu, na hakukusudia kunisifu. Kwa kila mteja niliyemhudumia niliandika kadi ndogo kwa mkono, jinsi ya kufua na kuanika, nikaitia kwenye mfuko wa nguo. Meneja wetu, Madam Rima, hakuniagiza. Nilifanya hivyo kwa kuwa kadi ilinipa hisia kwamba hakuna kilichobaki bila kushughulikiwa. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na nilikuwa nimejiwekea sheria ambayo sikumwambia mtu: mteja asinisikie nikisema sijui.

Tena nilidhani baridi naijua. Nimezaliwa Kinangop, mahali ambapo asubuhi ya Julai nyasi zinakuwa nyeupe na maji ya ng'ombe yana ngozi ya barafu. Kwetu mtoto anavishwa vesti ya pamba, juu yake sweta nzito, juu yake sweta nyingine, basi. Pamba iguse ngozi, sufu ikae nje. Hilo sikulisoma popote, nilikua nalo. Na daftari langu, lenye kurasa nane kuhusu nguo za theluji, halikuwa limebadilisha kitu hicho, kwa sababu nilisoma yale niliyohisi siyajui tu.

Wakati huo huo, kila jioni, mtu aliyekuwa ameishi ndani ya theluji siku nzima alikula nami sahani moja. Tulikuwa na meza ya plastiki kati ya vitanda. Nansubuga alipika matoke na mchuzi wa karanga, Akoth alileta mikate iliyobaki hotelini, mimi nilikaanga sukuma. Nansubuga aliongea akila, Kiswahili chake cha kujifunzia kwa Wakenya wa malindoni. Alisimulia jinsi watalii wanavyokimbia humo ndani, wanatoa jasho, wanafungua majaketi wakisema mbona hakuna baridi, kisha wanakaa chini kupiga picha na dakika tano baadaye meno yanagongana. "Baridi inakungoja ukae," alisema, akaomba bakuli la sukuma. Nakumbuka maneno hayo kwa sababu wakati anayasema mimi nilikuwa nimeinamia daftari, nikipiga mstari chini ya kichwa kisemacho Baridi. Nilinyanyua mkono mmoja nikamsogezea bakuli.

Bi Salha alikuja dukani katikati ya juma, adhuhuri, saa ambayo duka huwa tupu. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, baibui jeusi lililokatwa vizuri, miwani, na harufu ya udi iliyomtangulia hadi kaunta. Nilimsalimu kwa Kiingereza, nikamwita madam. Simu yake ikalia, akajibu kwa Kiswahili, Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, na alipokata nikashindwa kujizuia nikamwambia, Habari yako, mama. Alinitazama juu ya miwani. "Mtu na bibi yake, habari yako? Shikamoo imekwenda wapi?" Kwetu bara hatuna mazoea nayo sana. Niliitoa kwa aibu, akaipokea kwa marahaba ndefu, na kuanzia hapo nikawa mwanawe.

Familia yao ilikuwa Dubai tangu kabla sijazaliwa. Alinieleza shida yake akiwa amekaa kwenye kiti cha kujaribia viatu. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Alikaa eda, miezi minne na siku kumi, na eda ilipokwisha akagundua kwamba hana tena hamu ya kutoka. Mlango ulikuwa wazi na yeye akabaki ndani, na miezi mingine mitano ikapita. Binti zake wakamtafutia kila kisingizio. Mwisho wakamlipia darasa la yoga la wanawake peke yao, Jumamosi asubuhi, ndani ya ukumbi wa theluji kabla haujafunguliwa kwa umma. "Nimekubali kwa kuwa ni upuuzi," alisema. "Lingekuwa jambo la maana ningekataa." Kisha akaacha utani. Alisema ameshawaambia binti zake kwamba anakwenda mara moja hii, na kama litamshinda wasimguse tena.

Nilielewa vizuri kilichokuwa mikononi mwangu, wala sikutaka kusikia kwamba nimeelewa nusu. Nilifanya kazi siku ile kama fundi. Alitaka stara hata mbele ya wanawake, nikamtafutia kanzu fupi ya mazoezi, ya kijani kilichokoza, inayofika magotini na kupasuliwa pembeni ili aweze kupanua hatua. Nikamwonyesha kilemba cha kitambaa cha kuvutika, nikamfanya ainame mbele ya kioo mara tano, mpaka tukahakikisha hakishuki machoni wala hakifunui masikio. Nikampa glavu nyembamba zenye chembe za mpira viganjani, ili mikono isiteleze kwenye mkeka. Nikapima suruali ya kubana kiunoni akiwa amechuchumaa, si amesimama tu, kwa sababu video moja ilisema hivyo. Alicheka akasema toka aolewe hajachuchumaa mbele ya mtu. Yote hayo niliyafanya sawa, na nayataja kwa sababu bado napenda kuyataja.

Tukafika kwenye nguo ya kugusa ngozi. Nilimpa za kawaida za duka, za polista, akazishika kwa vidole viwili akazirudisha. Zinamwasha. Akaniuliza kama hakuna pamba. Tulikuwa nayo, suruali na fulana za pamba zenye manyoya mepesi ndani, laini kama sikio la mbuzi, ambazo wateja walinunua za kukalia nyumbani. Kinangop ikanijibu ndani yangu kabla ya daftari. Nikamwambia pamba ndiyo yenyewe, mama, pamba karibu na ngozi, nzito juu. Alizigusa akafurahi. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza.

"Hebu nambie mwanangu. Wewe ushaingia humo?"

Nilitazama kioo ng'ambo. Mwanamume mmoja alikuwa anajaribu kusimama kwenye theluji na kuanguka.

"Ndiyo, Bi Salha. Mimi mwenyewe huvaa hivi hivi."

"Na baridi huisikii?"

"Siisikii."

Akaniamini. Nilimwandikia kadi yake kwa Kiswahili, kadi ya kwanza ya Kiswahili niliyowahi kuandika pale, na niliiandika mara tatu kwa sababu herufi moja ililala. Nikaitia kwenye kimfuko cha suruali. Kanzu, kilemba, glavu, suruali, fulana na jaketi nene. Madam Rima alipita akaona mfuko umejaa akanigusa bega. Njiani kurudi, ndani ya metro hadi kwenye basi, sikuwaza uongo wangu hata mara moja. Niliwaza ile herufi.

Jumamosi nilifungua duka saa nne, kumbe darasa lilikuwa limekwisha. Sikuona kitu. Jioni nilifika chumbani nikamkuta Nansubuga amejifunga blanketi mbili, na kiyoyozi kimezimwa, na Akoth analalamika kwamba tutaiva. Nilisonga ugali. Tulipokaa mezani Nansubuga akaanza kusimulia, sauti imeshaanza kukwama. Asubuhi kulikuwa na mama mzee katika darasa la wale wanawake wa yoga. Mama mwenyewe ni mzuri, anafuata kila kitu, anainama, anapinda, anacheka. Kupiga magoti kumelowesha suruali, na jasho limelowesha yote mengine. Mwisho mwalimu wao akawaambia walale chali, wafumbe macho, wapumzike. Robo saa. Mama amelala hapo kwenye mkeka mwembamba juu ya theluji, na nguo zimelowa hadi kwenye mfupa, na kwa kuwa ana heshima hakutaka kuvunja utulivu wa wenzake. Nansubuga aliona midomo imebadilika rangi. Akaenda akamwinua, akamtoa hadi chumba cha kubadilishia, mama anatetemeka hawezi hata kufungua zipu. Akamvua zile nguo, akavua fulana yake ya zambarau iliyokuwa na joto la mwili wake akamvisha yeye, akamfunga na taulo, akampa chai. Kisha akarudi kwenye lindo. Zamu ilikuwa imebaki saa tano, na chini ya jaketi alikuwa na shati la sare peke yake.

"Alivaa nini kwani?" Akoth aliuliza.

"Pamba," Nansubuga alisema. "Juu mpaka chini. Pamba ndani ya theluji."

"Aki huyo alimuuzia alikuwa amelala."

"Mimi nataka nimjue huyo aliyemuuzia," Nansubuga alisema, polepole, akimega ugali. "Sio kwa ubaya. Nataka tu aniambie alifikiri nini."

Nilisimama. Nilisema mboga haina chumvi. Nikaenda jikoni, ambako tulishirikiana na chumba cha pili, nikasimama mbele ya kabati na mkebe wa chumvi mkononi mpaka nilipoona ni muda wa kutosha. Niliporudi walikuwa wanaongea jambo lingine. Mboga ikawa chumvi tupu, wakaila.

Aliugua siku nne, homa na kifua. Siku zile hakulipwa. Nilimpikia uji wa wimbi asubuhi kabla ya kazi, nikaweka limau na siagi ya karanga, nikamshikia kikombe. Aliniita mdogo wangu, akasema bambi, neno la kwao la upole, Mungu akubariki. Kila kikombe kilikusudiwa kuwa kile nitakachosema nacho, na kila alivyonishukuru ndivyo nilivyosogea mbali na maneno. Wakati ule nilidhani ni woga wa kuchukiwa. Leo nadhani ulikuwa mbaya zaidi ya hapo. Nilikuwa napenda namna alivyoniona, nikawa napika uji ili picha ile isiharibike.

Aliporudi kazini aliniambia kwamba wafanyakazi wa ukumbi wana pasi moja ya mgeni kila mwezi, na yake hupotea bure. Alinitaka nije siku yangu ya mapumziko. Nilimuuliza nivae nini. "Vaa vile unawauzia watu," akasema. Nilivaa pamba. Siwezi kueleza kwa nini, ila kwamba ilionekana ni haki. Aliniingiza asubuhi, hakuna mtu, taa za buluu, na sauti ya mashine zinazopuliza baridi. Theluji ililia chini ya buti kama unga wa mhogo mkavu. Akaniambia nipande ule upande wa chini na kushuka, nipande na kushuka. Nilipanda mara kumi. Nilipata jasho, nikafungua jaketi, nikamwambia kwa mshangao kwamba hakuna baridi kabisa, inashinda Kinangop kwa joto. Hakucheka. Akatandika mkeka. "Sasa lala."

Kwa dakika mbili niliangalia dari na mabomba yake. Kisha ikaja, na haikutoka nje, ilitoka kwenye nguo zangu mwenyewe. Mgongo kwanza, halafu nyuma ya magoti, halafu chini ya matiti, kila mahali pamba ilipokuwa imekunywa jasho ikageuka kitambaa cha jeraha kilicholowekwa. Kinangop tunatembea. Tunakama, tunachota, tunapanda mlima na mzigo, na tukikaa tunakaa na moto. Hakuna mtu Kinangop anayelala chali kwenye barafu akiwa na jasho akatulia kwa hiari. Nilimfikiria Bi Salha akiwa amefumba macho kwa adabu. Nansubuga alikuwa amesimama juu yangu na redio yake ya mawasiliano, akitazama saa, na hakuniinua mpaka nilipomwomba.

Bi Salha alirudi dukani juma lililofuata. Nilimwona kupitia nguo zilizotundikwa, nikaingia stoo, nikatoka. Mkononi alikuwa na fulana ya zambarau imefuliwa, imepigwa pasi, imefukizwa udi, anaipeleka kwa yule askari. Kwangu alikuwa amepita tu. Hakulalamika. Alikaa kwenye kiti kile kile, akasema binti zake wanataka arudi Jumamosi na yeye ameshawakatalia, ila amekuja kuniuliza jambo moja, maana lilimkera. Nilivyovaa mimi, nilivaaje nisione baridi? Labda alikosea yeye.

Angekuja na makelele ningejitetea. Lakini mwanamke yule alikuwa amekaa na aibu ambayo ilikuwa yangu.

"Hukukosea, Bi Salha. Sikuwahi kuingia humo. Nilikudanganya."

Madam Rima alikuwa kaunta, na uso wangu haukuhitaji tafsiri. Bi Salha akakunja ile fulana upya ingawa ilikuwa imekunjwa. "Kwa nini?" Nikamwambia ukweli, kwamba naogopa kusema sijui. Akavuta pumzi. "Ungesema hujui ningekwenda kwa mwengine, ningerudi kwako kwa lengine. Sasa nikuamini vipi?" Nikamwambia asiniamini mimi, nimeingia juzi, nimelala pale kwa pamba, na hiki ndicho nilichokisikia mgongoni. Nikamweleza yote, mpaka matiti, na mwishowe akaweka mkono mdomoni kuficha kicheko.

Tukaanza upya. Mwilini sufu, ile laini nyembamba isiyowasha, ambayo niliwahi kuwaambia wateja ni ghali bure. Juu yake kanzu yake ya kijani. Jaketi jepesi la kuvua akianza kupata joto na kuvaa tena kabla ya kulala, si baada. Suruali isiyopitisha maji magotini. Mikeka miwili. Na pamba nikamwambia aibebe kwenye mkoba, kavu, ya kuvaa akitoka. Polista zote nilizozijua kwa majina sikuzitaja. Madam Rima alimwomba radhi kwa jina la duka, na alipoondoka akaniongezea miezi mitatu ya majaribio. Akasema khalas, yamekwisha, na hakulirudia tena.

Jumamosi ile sikula. Jioni Nansubuga alivua buti, akakanda miguu, akaongea na Akoth kuhusu basi lililochelewa, na mimi nikingoja kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Mwishowe, akiwa tayari ameelekea bafuni, akasema bila kugeuka, "Yule mama leo alilala mpaka mwisho. Akaamka akaomba picha." Nilipanda kitandani kwangu, nikavuta pazia, nikalia kwa sauti ndogo. Sikumwambia. Nilikuwa nimekiri kwa mteja, kwa meneja, kwa ukuta. Kwake nilisema nitakiri kesho, na kesho ikahamia Discovery Gardens pamoja nami nilipopandishwa cheo.

Sasa nawafundisha wasichana wapya, na kila mmoja namtafutia pasi ya kuingia kwenye theluji kabla hajauza glavu. Wanadhani ni sera ya duka. Bado nachana kurasa. Bado nikituma ujumbe mfupi nausoma mara nne. Sikupona, nilipungua tu, na watu wanaosema kosa moja liliwabadilisha kabisa huwa nawasikiliza kwa mashaka.

Jumapili, sakafuni kwa Nansubuga, nikiwa na fulana mapajani, nilisema. Nilianza vibaya, nikaanza na Kinangop, nikarudi, nikasema, "Dada, yule mama wa pamba. Ni mimi nilimuuzia. Ukaugua kwa sababu yangu, na nikakupikia uji nikanyamaza." Nilisema nikiangalia viwiko vya fulana.

 Alikuwa anafunga kamba kwenye sufuria. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto anayekariri darasani, "Osha kwa maji ya baridi. Usikamue. Anika kivulini."

Nilinyanyua macho kutoka kwenye fulana.

"Siku ile niko kwenye sinki," akasema, "nakamua suruali ya huyo mama, maji yanatoka kama ya kuosha vyombo. Naona karatasi kwenye mfuko. Imeandikwa vizuri, kila herufi imesimama. Inaniambia mimi, usikamue." Akaanza kucheka, akashindwa kuendelea, akafuta macho. "Mwalimu. Dubai nzima, nani mwingine anaandika kadi ya kufua kwa Kiswahili?"

"Na hukusema."

"Nilisema. Nilisema mezani. Wewe ukaenda kutafuta chumvi." Alivuta begi karibu. "Nikangoja. Nikakupeleka nikakulaza kwenye theluji. Baada ya hapo nikaona, sawa, huyu ameelewa, mdomo utafika pole pole. Sikujua ni miaka minane."

 Akatia ndoano kwenye mpini wa begi, akaniambia yalla, twende, shika upande huu. Tukainua. Limetimia sawasawa, halibebi hata nguo moja zaidi. Akaitazama mizani, akaitazama fulana niliyoiacha sakafuni, akaisukuma kwangu kwa mguu.

"Hiyo baki nayo. Masaka hakuna theluji," akasema. "Na usiikamue."